Betri Juu ya Bati

Kemi mwanangu,

Ungekuwa hapa ungeanza na ile shikamoo yako ya haraka, unayoitoa huku ukivua viatu mlangoni. Basi marahaba, naipokea kabla hujafika. Umekwenda Kirumba kuwaaga wenzako wa kwaya, mama yako amekwenda Mwaloni kukutafutia dagaa wa kubeba, na nyumba hii ya Kiseke imebaki na mimi, begi lako la buluu lililojaa nusu, na kamera juu ya meza.

Kesho jioni utapanda meli ya Bukoba. Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kitasa cha mlango. Mama yako ameyasema yote, na mengine ameyasema mara tatu. Mimi nataka kukuandikia kuhusu betri. Usicheke kwanza.

Jumapili iliyopita uliniomba kamera hii. Tulikuwa mezani, ukasema kwa upole kabisa, "Baba, naomba niende nayo. Wewe huitumii tena." Nikajibu kwa sauti ambayo hata mimi ilinishtua: "Hiyo haitoki humu ndani." Ukanitazama. "Sasa itabaki na nani, Baba? Na mende wa kabatini?" Mama yako akacheka mpaka akaweka kijiko chini. "Muache baba yako," akasema, "huyo ndiye mke mkubwa. Mimi ni mdogo tu." Nyinyi mkacheka, mimi nikanawa nikatoka nje, na tangu siku hiyo hujaitaja tena. Umekuwa ukiipita pale kabatini kama mtu anayepita mbele ya mbwa asiyemjua.

Hukujua ulichokuwa unaniomba. Nataka ukijue kabla hujaondoka, kwa sababu shule uliyopangiwa kufundisha iko mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka nyumba yetu, ile ya kule. Na ndani ya nyumba hiyo anaishi dada yangu, shangazi yako Paskazia, ambaye hatujaonana wala kuongea kwa miaka kumi. Jina lake umelisikia. Sababu hujaisikia, kwa kuwa mwenye kuijua hapa Mwanza ni mimi na mama yako, na mama yako nilimwomba anyamaze.

Nilikuwa na miaka kumi na minne vita vilipotukuta ng'ambo ya mto Kagera. Bibi yako alinipandisha kwenye lori lililojaa watu na mbuzi, akanikabidhi kwa mjomba wake, akasema, "Wiki mbili tu, waitu, mwanangu. Mambo yakitulia nitakuita." Yeye, baba yangu na Paskazia wakafuata njia ya miguu. Waliporudi baada ya vita wakakuta nyumba imechomwa. Ndani yake iliungua picha pekee aliyowahi kupigwa bibi yako, ile ya harusi. Wakajenga tena palepale. Mimi nikabaki Mwanza, kwanza kwa ajili ya shule, kisha kwa ajili ya kazi, kisha kwa mazoea. Zile wiki mbili hazijaisha hadi leo.

Nimekaa mji huu zaidi ya miaka arobaini. Nimeoa hapa, nimezika marafiki hapa, mawe yake nayajua kama watu. Lakini mtu akiniuliza, "Mzee, kwenu wapi?" sijawahi kusema Mwanza. Nilipokuwa kijana nilikuwa nakwenda bandarini asubuhi meli ya Bukoba inapofika, sina ninayempokea. Nilisimama tu pale wanaposhusha mikungu ya ndizi, nikainusa, nikawasikiliza akina mama wakigombana na wapagazi kwa Kihaya. Nikishasikia matusi mawili matatu ya nyumbani, narudi zangu kazini nimeshiba.

Kazi yenyewe unaijua, umekulia ndani ya studio ile ya Mkuyuni. Kamera hii niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mtafiti mmoja wa samaki aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Ilikuja na betri moja, nayo ilikuwa imechoka. Ndiyo maana kumbukumbu yako ya kwanza ya mimi kazini, uliwahi kuniambia, ni ya mtu mwenye suti aliyebana kitu kwapani harusini. Ilikuwa betri. Betri ya kamera ikizeeka huwa na uongo wa namna yake. Inaonyesha mistari mitatu, nawe unajiamini. Ukibonyeza, kamera inapohitaji nguvu ya ghafla, inaanguka palepale kama mtu aliyezimia. Lakini ukiitoa, ukaipumzisha na kuitunza kwa joto la mwili kama nusu saa, hukurudishia picha mbili, pengine tatu. Nilimalizia harusi nyingi kwa hizo mbili tatu. Keki, pete, bibi harusi akilia. Hilo nililijua vizuri kuliko nilivyojua jambo lolote. Likumbuke unaposoma yafuatayo.

Ulikuwa darasa la saba nilipokwenda nyumbani kumpiga picha bibi yako. Nilikuwa nimekwenda kabla, siku moja, siku mbili, misibani, narudi. Safari hii nilikwenda kwa ajili yake tu. Nilimkuta mlangoni mwa jiko, amefunga kitenge kilichopauka, mikono ina majivu, anapepeta kahawa kwenye ungo. Mwanga ulikuwa unamwingia kwa ubavu, laini, mwanga ambao studio nzima ya Mkuyuni haijawahi kuupata. Nikainua kamera kabla hata ya kumwamkia. Akajifunika uso na ungo.

"Wewe mtoto! Unanipigaje na majivu haya? Nikaonekane mbele za watu kama mchawi? Kesho nitavaa."

Nikashusha kamera. Ningekuwa mtu mwingine ningeiba picha moja. Lakini miaka yote hiyo nilikuwa nimewafundisha watu Mwanza kwamba picha ni siku ya kuvaa, na sasa mama yangu alikuwa ananirudishia mafundisho yangu mwenyewe. Nikasema, "Sawa, Mama, kesho."

Akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kibakuli, kama mgeni. Majirani wakafika. Na hapo, Kemi, ndipo nilipoimaliza betri. Nilipiga watoto, nilipiga migomba, nilipiga kahawa uani. Kila niliyempiga alitaka kujiona kwenye kioo cha nyuma, na kioo kile hunywa betri kama ng'ombe kiangazi.

"Hebu rudisha, nijione tena!"

"Mbona umenifanya mweusi hivyo?"

"Ndivyo ulivyo! Ulidhani Mwanza watakupaka chokaa?"

Walicheka, nami nilijisikia mtu mkubwa. Mtoto aliyeondoka kwenye lori na mbuzi amerudi na mashine inayowachekesha watu. Sitaki nikudanganye, nilikuwa nafurahia. Mama alikaa pembeni, ananitazama mimi na si kioo.

Asubuhi alitoka amevaa. Blauzi nyeupe, kitenge kipya, rozari shingoni. Paskazia alikuwa amemsuka tangu alfajiri. Tukaweka kiti mbele ya nyumba, akaketi, akaweka mikono magotini kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alama ya betri ilionyesha mistari miwili.

"Bonyeza basi, jua linaniingia machoni."

Nikabonyeza. Kamera ikafungua jicho, na haikulifumba tena. Giza ndani ya kitundu cha kuchungulia. Zima, washa, hakuna kitu. Nikaingia ndani kutafuta chaja, nikapekua begi mpaka chini, na nikiwa nimepiga magoti ndipo nilipoiona akilini ilipo: ukutani pale studio, kwenye soketi, nilikoiacha usiku wa kuamkia safari. Kijijini umeme ulikuwa haujafika, na hata mwenye sola alikuwa na waya za simu tu. Chaja ya betri hii ni yake peke yake.

Nilipotoka na kumweleza, mama hakukasirika. Alisema, "Si uianike? Baba yako za redio alikuwa anazipanga juu ya bati, zikipata jua tunasikiliza taarifa ya habari jioni."

Ni kweli. Kila nyumba ilifanya hivyo. Nilikua nikitumwa kupanda na kuzishusha, na zilikuwa zinaleta sauti, kidogo, ya kukoroma, lakini inasikika. Hizo zilikuwa betri za redio. Hii ilikuwa kitu kingine kabisa, na aliyejua tofauti yake pale uani nilikuwa mimi peke yangu. Nilipaswa kusema, "Hapana, Mama," nikaibana kwapani, nikakaa naye nusu saa. Ingetoa picha. Moja tu ilitosha.

Nimejiuliza miaka kumi na moja kwa nini sikufanya hivyo. Si ujinga. Tangu lile lori, hakuna siku mama yangu aliyonituma kitu. Nilikuwa nakuja kama mgeni, napewa kiti na kahawa. Na sasa ananiambia, panda juu ya bati, kama alivyokuwa akiniambia nikiwa na miaka tisa. Nilitaka kutumwa, Kemi. Nikaegemeza ngazi nikapanda.

Paskazia alikuwa chini ananitazama. "Wewe si ndiye fundi wa mjini? Umekubali?"

"Nyamaza wewe," mama akamwambia. "Anajua anachofanya."

Hakuvua zile nguo. Alikaa nazo kivulini kutwa nzima ili betri ikiwa tayari asichelewe. Tulimenya ndizi, yeye akiwa ametandika khanga mapajani asijichafue. Tuliongea mambo ambayo sikuwahi kuongea naye nikiwa mtu mzima. Akaniuliza habari zako, unasoma darasa la ngapi, unaelewa Kihaya? Nikasema unaelewa kidogo. Ulikuwa huelewi hata neno. Akaniuliza, "Huko kwenu nasikia ni mawe matupu. Mnalima wapi?"

Huko kwenu. Hakusema kwa ubaya. Nilijibu habari za mpunga na pamba, nikaendelea kumenya ndizi, na kisu kikanikata kidole.

Saa kumi jioni nikapanda kuishusha. Ilikuwa inaunguza, imevimba tumbo. Ilikataa kuingia kwenye nafasi yake. Nikailazimisha, kifuniko kikavunjika. Umeuliza mara nyingi kwa nini kifuniko cha betri kimefungwa kwa utepe mweusi; sasa unajua.

Mama alitazama, akavua rozari taratibu akaikunja kiganjani. "Basi. Utakuja nayo siku nyingine."

"Mwezi ujao, Mama. Na betri mbili."

Mwezi uliofuata ulikuwa wa harusi. Uliofuata nilikuwa natafuta betri halisi. Niliyopata mjini ilikufa baada ya kazi tatu. Kisha nikaona kifuniko kile ni aibu, heri nijipange nipate kamera mpya kabisa, niende nimekamilika, nimpige picha ambayo mwanga wake utafanana na ule wa mlangoni mwa jiko. Kila sababu, ukiichukua peke yake, ilikuwa ya mtu mwenye akili. Mama alifariki masika yaliyofuata.

Nilifika siku ya mazishi. Watu wakaanza kuuliza picha ya kuweka juu ya jeneza, na macho yote yakaja kwangu, maana ni nani mwingine angekuwa nayo? Paskazia akaingia ndani, akatoka na picha ya kadi ya kupigia kura. Walikuwa wamekwisha kuituma Bukoba ikakuzwa. Uso wa mama yangu ulikuwa umepauka, macho yamekodoka, kama mtu aliyekamatwa anavuka mpaka. Paskazia akaiweka juu ya jeneza, akaninyooshea kidole mbele ya wanawake wote.

"Mpiga picha wa Mwanza! Umepiga wake za watu wote, mama yako anazikwa na ya kitambulisho. Kutwa nzima alikaa na ile blauzi. Kutwa nzima!"

Alikuwa amesema kweli. Kosa langu ni lililofuata: asubuhi yake, matanga hayajaanuliwa, ndugu bado wamelala uani, mimi mtoto wa kiume pekee nilichukua begi nikatembea mpaka barabarani nikapanda basi. Unaelewa maana yake kwetu. Dada yangu alibaki kuwaaga watu peke yake, na kila aliyeuliza nilipo ilibidi amjibu. Tangu hapo sijapiga simu, naye hajapiga. Nilianza kwa hasira, siku kadhaa tu. Kilichobaki baadaye ni aibu, na hiyo haina siku za kuhesabu. Kila mwaka unaopita unakuwa sababu mpya ya kutokwenda.

Kuna jambo moja zaidi. Ile picha ndogo iliyo kwenye fremu sebuleni, uliyoniuliza ukiwa kidato cha kwanza, "Baba, huu mkono wa nani?" Nikakujibu ni picha ya majaribio. Ni ya ile siku ya kwanza. Nilikuwa napiga watoto wa jirani, na upande wa kushoto umeingia mkono wa bibi yako umeshika kibakuli cha kahawa. Una majivu mpaka kwenye kiwiko. Nilikata watoto wote nikaubakiza. Ndicho nilicho nacho.

Sasa, wewe. Kamera nimeiweka ndani ya begi la buluu, katikati ya masweta. Betri ziko mbili, zote nzuri, mama yako ndiye aliyenishurutisha kuzinunua mwaka jana, akasema mke mkubwa asife njaa. Moja iwe ndani, nyingine iwe mfukoni mwako, karibu na mwili. Vyuma vyake ukiona vimefifia, vifute na kifutio cha penseli. Saa ya ndani imekufa zamani. Kila ukitoa betri, kamera inasahau siku na kurudi kwenye tarehe ileile ya mwanzo. Usihangaike kuirekebisha.

Ukifika, nenda kwa shangazi yako siku hiyohiyo, kabla ya kupanga vitu. Atakupokea vibaya kwa mdomo na vizuri kwa mikono, usisikilize mdomo. Atakupa kahawa ya kutafuna, itafune hata kama ni chungu. Atakuuliza Kihaya chako kiko wapi. Mwambie baba hakunifundisha. Atakuuliza baba yuko wapi. Mwambie kweli, kwamba yuko Kiseke, mzima, anaogopa.

Wanaotoka huko wananiambia Paskazia amekuwa mama mtupu: paji la uso, mwendo, hata namna ya kushika ungo. Mpige picha. Atakuambia subiri kesho nivae. Mheshimu katika kila kitu, mwanangu, lakini hapo usimtii. Mpige na majivu yake, mlangoni, kwa mwanga wowote utakaokuwepo, akikutukana. Kesho yake umpige na blauzi akitaka.

Leo mchana, ulipokuwa unaanua nguo nyuma ya nyumba, uliona dirisha la chumba chetu limefunguka ukadhani ni upepo. Nilikuwa mimi, na kamera. Umefunga ile khanga ya zamani, vibanio viwili mdomoni, soksi moja begani. Nimeitazama mara moja tu, nikazima. Ina tarehe ileile iliyo kwenye picha ya mkono wa bibi yako. Kwa hesabu ya kamera hii, nyinyi wawili mlikuwa uani siku moja.

Limebaki moja. Ukifika utapekua begi, utapiga simu: "Baba, umesahau chaja." Sijasahau. Safari ile niliisahau, safari hii nimeiacha. Iko ukutani sebuleni, chini ya fremu ya mkono. Betri mbili, ukiziheshimu, zitakufikisha wiki tatu, labda nne. Kabla hazijaisha nitapanda meli nikuletee mwenyewe mpaka kwa Paskazia. Siku sikutajii, ahadi zangu za mwezi ujao shangazi yako anazijua. Ukiona umebaki mstari mmoja na sijatokea, mpe yeye simu anitukane kwa Kihaya. Nitaelewa kila neno.

Lakini chaja nyingine usinunue.

Baba yako